Rampu ni urefu, hiyo ingine ni ukuta umeinama

Wale tulipitia 8-4-4 mnakumbuka ile picha ya Fomu 3, pembetatu imechorwa na rula, juu yake kaboksi kadogo, mshale mmoja unaangalia kileleni mwingine unaangalia chini, alafu swali linakuja: tafuta manufaa ya kimekanika, tafuta efishensi, yaani kazi ngapi haikuliwa na msuguano. Tulimeza fomula, mzigo gawanya kwa nguvu, tukapita mtihani, tukasahau. Sasa mimi siku hizi nashinda kwa hadwea ya mjomba wangu huku Kariobangi na ile kaboksi naiona kila siku, tu imegeuka ikawa dramu ya mafuta, ikawa gunia, ikawa rolo la mabati, na hakuna mtu ananiuliza sine ya pembe ni ngapi. Naandika hii juu kuna kitu kimoja kuhusu mwinamo watu wa Nairobi wanakijua vizuri sana kwa mgongo, alafu wakishika simiti wanakisahau kabisa.

Wacha nianze na dramu.

Dramu ya lita 200 ya mafuta ya kupika, ikijaa, pamoja na chuma chake, inakaribia kilo 200. Bodi ya lori iko kama futi 4 kutoka chini. Taniboi ni wawili. Kuinua hiyo dramu wima maana yake kila mmoja anyanyue kilo 100 hadi kifuani, na kitu chenyewe ni cha mviringo, hakina pahali pa kushika, kinateleza mafuta. Hawainui. Wanaleta mbao mbili za futi 12, wanaziegemeza kwa lori, wanalaza dramu, wanaivingirisha. Futi 12 gawanya kwa futi 4 ni 3, na hiyo tatu ndio manufaa yenyewe, kwa hivyo badala ya kilo 200 wanasukuma nguvu ya kama kilo 67, kila mtu 33 na kitu. (Mwalimu wa fizikia atataka nyutoni, sawa, zidisha kwa kumi tusonge mbele.)

Na wale wajanja zaidi wanaongeza kamba. Unafunga ncha za kamba mbili kwa bodi ya lori, unazishusha juu ya mbao, unazipitisha chini ya dramu, unazirudisha kwa juu, alafu unasimama kwa lori unavuta. Dramu inavingirika ndani ya kamba. Hapo umegawanya tena kwa mbili, juu kamba imefanya dramu yenyewe iwe kapi, kwa hivyo ile 67 inakuwa 33 na kitu kwa wote wawili, yaani kila taniboi anavuta nguvu ya kama kilo 17. Kilo kumi na saba! Hiyo ni mtungi wa maji ambao haujajaa. Na pia hakuna mtu amesimama nyuma ya dramu, ambayo kwa maoni yangu ndio faida kubwa kushinda hesabu yote, juu kamba ikikatika dramu inarudi barabarani bila kupitia kwa mguu wa mtu.

Sasa hapa ndio kuna ule uongo mdogo tulifundishwa. "Mashine hurahisisha kazi." Sentensi imeandikwa kila pahali, na kama kazi unaelewa ni jasho basi sawa, lakini kama kazi ni ile ya fizikia, nguvu mara umbali, haijarahisishwa hata kidogo. Angalia: kuinua wima ni 200 mara futi 4, jibu 800. Mbao ni 67 mara futi 12, jibu ni 800 na vichenji. Kamba unavuta 33 na kitu mara futi 24, bado ni 800. Ni kama kununua TV kwa pesa taslimu ama kwa mafungu, TV ni ile ile na bei ni ile ile, tofauti ni ngapi inakutoka kwa mfuko leo.

Na swali ambalo hatukuulizwa shuleni ni kwa nini mtu ajisumbue basi, kama kazi ni ile ile. Nilifikiria hii kitu sana nikiwa nimekaa pale kaunta. Jibu ni kwamba mwili wa mtu haukosi nishati, unakosa nguvu ya mara moja. Ile 800 yetu ukiibadilisha ni juli kama 2,400 hivi. Kijiko kimoja kidogo cha sukari, ile unatia kwa chai, kina juli zaidi ya 60,000. Hata ukisema mwili unapoteza robo tatu kwa joto na kutokwa jasho, bado kile kijiko kinabaki na nishati ya kuinua dramu sita. Taniboi amekunywa chai yake asubuhi na mandazi, nishati anayo hadi jioni, chenye hana ni uti wa mgongo wa kubeba kilo 100 kwa sekunde mbili. Mwinamo unakuja hapo tu. Unachukua kitu ambacho mwili hauwezi kabisa na unakigeuza kiwe kitu mwili unaweza, mradi ulipe kwa hatua. Na hizo hatua ndio mbao. Ukikata mbao ikawa futi 6 umekata manufaa yakawa moja na nusu. Mjomba ana msemo wake, eti mbao fupi ni ya watu wamechoka na maisha, na huwa anaficha zile futi 12 nyuma ya stoo juu mafundi wakiziona wanataka kuzinunua.

Lakini usidhani ukiweka mbao tu basi mambo yote yameisha, jaribu na gunia. Gunia la mahindi la kilo 90, mbao ile ile, mwinamo ule ule wa tatu kwa moja. Kwa karatasi unafaa kuvuta nguvu ya kilo 30. Enda uvute uone. Gunia haliviringiki, linasugua, na msuguano wa gunia kwa mbao kavu unaweza kufika nusu ya vile gunia linakandamiza mbao, sasa pale juu ya zile 30 unaongeza kama 42 za msuguano, jumla 72. Kilo 72 kuvuta kitu cha kilo 90! Manufaa yamekuwa moja na robo hivi, efishensi imeanguka hadi kama asilimia 41, na bado umelipa umbali wote wa futi 12. Ndio maana ukienda Gikomba ama pale Marikiti hutaona mtu anavuta gunia kwa mbao. Analibeba mgongoni, anapanda mbao na miguu. Huo ni ujanja mkubwa ambao hauko kwa kitabu, kwamba miguu ya mtu ni kama magurudumu, haisugui mbao, kwa hivyo mwinamo unabaki na faida yake, kila hatua anainua mzigo kidogo tu badala ya futi 4 kwa mpigo. Kubeba kilo 90 mgongoni ni hadithi ingine, sisemi ni vizuri, magoti yanalia. Nasema tu hesabu ya msuguano walishaifanya kitambo.

Msuguano pia si adui wa kila siku. Lile gunia ukiliacha katikati ya mbao ukapumua, linabaki pale pale. Dramu ukiiacha inakufuata.

Nikihamia kwa mkokoteni, hapa nadhani ndio shule yenyewe iko. Mtu akitoka Marikiti na mzigo apande Haile Selassie kuelekea Community, ama aingie Valley Road (Mungu amsaidie), hawezi kwenda moja kwa moja. Anakata barabara kwa mshazari, anaenda hadi ukingo wa kulia, anageuza, anakuja hadi kushoto, anageuza tena. Nyuma matatu inapiga honi, mwenye gari ya kibinafsi ametoa kichwa anatukana mama ya mtu. Nilimwuliza mzee mmoja tukiwa tumesimama pembeni, nikamwambia mzee, si ungeenda tu moja kwa moja umalize haraka, akanicheka akasema, "Kijana, wewe una haraka, mimi nina viazi."

Chukua mkokoteni na mzigo wake ni kilo 500. Barabara inapanda mita moja kwa kila mita kumi. Ukienda uso kwa uso, kushindana na mlima pekee ni nguvu ya kilo 50, bila kuhesabu tairi na mashimo. Ukikata mshazari wa nyuzi 45, njia inarefuka kwa kama mara 1.4, mwinamo unakuwa mmoja kwa kumi na nne, na nguvu inashuka hadi kilo 35. Hizo kilo 15 ndio tofauti ya mtu anaenda na mtu amesimama anasukuma na mishipa ya shingo na mkokoteni unamrudisha kwa trafiki. Kwa hivyo yule unaona anakuzibia barabara ametengeneza rampu yake mwenyewe kwa lami ambayo haikumfikiria. Amejiongezea urefu kutoka kwa upana wa barabara, juu hakuna pahali pengine angeutoa. Enyewe mimi tangu nielewe hiyo siwezi kupigia mkokoteni honi, ingawa pia sina gari.

Barabara za milima zinafanya vile vile, tu ni injinia ndiye alikata mshazari badala ya mwenye mkokoteni. Na hata Nairobi yenyewe, ukiuliza kwa nini iko hapa na si pahali pengine, jibu moja ni mwinamo. Reli ilianza Mombasa 1896 ikafika hapa 1899, na hapa ndio palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya kuanza kupanda kuelekea Kikuyu na ukingo wa Bonde la Ufa. Wakaweka bohari, karakana, maofisi, mji ukabaki. Kutoka baharini hadi stesheni ya Nairobi ni kama mita 1,660 za kupanda, na njia ya ile reli ya zamani ni kama kilomita 530. Gawanya uone: mita moja juu kwa kila mita 320 mbele. Wastani tu, kuna pahali ni kali zaidi, lakini enyewe ni rampu moja ndefu sana inatoka kwa maji ya chumvi hadi Railways.

Na treni inahitaji hiyo urefu kuliko lori. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halisugui sana, tani moja kwa tambarare unaivuta na nguvu ya kilo chache tu, ndio uzuri wake. Lakini weka mwinamo wa 1 kwa 50, ambao kwa macho ni kama tambarare, na tayari ile tani inadai kilo 20 zingine. Yaani umezidisha kazi ya injini mara kadhaa na abiria hata hawajajua wanapanda mlima. Pia ule ulaini wa chuma kwa chuma unamaanisha magurudumu yanateleza rahisi. Sasa walipofika ule ukingo kule mbele, ardhi inaanguka ghafla hadi chini ya bonde, na njia ya kuzungukazunguka ingechukua muda kujengwa, wakafanya ya muda: reli ya kamba. Wakalaza reli kwa huo mteremko mkali, behewa linawekwa kwa jukwaa, linashushwa na waya, na lile lenye mzigo likishuka linavuta tupu lipande. Vifaa vikashuka hivo hadi chini, kazi ya kule mbele ikaendelea wakati njia ya kudumu bado inachimbwa, na 1901 reli ikafika ziwani, Kisumu. Ile njia ya kudumu ilikuwa nini? Ni ndefu zaidi. Walinunua urefu.

Kushuka ndio watu husahau kuhesabu. Ile kazi ulilipa ukipanda haikupotea, iko pale juu imekungoja, na ukishuka inarudishwa yote utake usitake. Lori la tani 30 likishuka mita 400, tuseme kule kwa barabara ya Mai Mahiu ile iliyojengwa na mateka Waitaliano wakati wa vita vya pili, linaachilia juli milioni 120. Hiyo inatosha kuchemsha lita zaidi ya 350 za maji ya baridi. Na yote inataka kuingia kwa breki. Mwinamo mrefu hauipunguzii hata juli moja, mita 400 ni mita 400, lakini unaipatia breki wakati, joto linatoka kwa upepo pole pole, na ndio maana dereva mzee anaweka gia ndogo tangu juu, anaachia injini ishike gari, breki anaigusa tu. Yule wa haraka anashuka na breki mwanzo mwisho hadi inanuka. Watu wa mikokoteni nao wanafunga kipande cha tairi kuukuu nyuma, wakishuka wanakandamiza kisugue lami, msuguano ule ule tuliulaani kwa gunia sasa ndio mwokozi.

Kidogo historia, juu inanifurahisha. Heron wa Alexandria, zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, aliandika mashine rahisi tano: wenzo, kapi, gurudumu la kuvutia kamba, kabari na skrubu. Mwinamo hayuko! Ameweka kabari, ambayo ni mwinamo unaotembea, ameweka skrubu, ambayo ni mwinamo umezungushwa kwa chuma, lakini mwinamo wenyewe ameuacha nje, labda juu hausongi, umelala tu pale, nani ataita kilima mashine. Pappus, mwanahesabu wa huko huko Alexandria, baadaye akajaribu hesabu ya mwinamo, akakosea. Hadi 1586 ndio Simon Stevin, mtu wa Bruges, akatoa ushahidi ambao hata mtoto anaelewa na hauna fomula hata moja.

Fikiria pembetatu imesimama, upande mmoja mrefu mara mbili ya ule mwingine. Valisha pembetatu mkufu wa shanga nzito zimeachana sawa sawa, mduara mzima, zingine zinaning'inia chini. Kwa upande mrefu zitalala shanga nne, kwa upande mfupi mbili. Je, nne zitavuta mbili? Kama zitavuta, mkufu utazunguka, lakini ukizunguka kidogo picha inarudi ile ile, nne huku mbili huku, kwa hivyo utazunguka tena na tena milele bila mtu kuusukuma, na hiyo haiwezekani. Basi haziendi. Ile ya chini inaning'inia sawa pande zote, itoe kwa hesabu. Zinabaki shanga nne kwa mwinamo mrefu zimeshikwa na shanga mbili kwa mwinamo mfupi, zimetulia. Urefu mara mbili, nguvu nusu. Imeisha. Alifurahi hadi akaichora kwa ukurasa wa kwanza wa kitabu, na maandishi ya Kiholanzi yanayosema kwamba ajabu si ajabu. Mimi ningekuwa mwalimu wa Fomu 3 ningeanza na huo mkufu, hiyo kaboksi na mishale ije wiki ya pili.

Skrubu nimeitaja, wacha nipite nayo haraka. Jeki ya skrubu, ile ya kuzungusha na mkono, mtu akizungusha mpini wa sentimita 25 duara moja mkono umetembea kama sentimita 157 na gari limepanda milimita 4, yaani mkono umetembea mara 390 na kitu ya gari. Nusu ya hiyo faida na zaidi inaliwa na msuguano, na ni vizuri iliwe, juu efishensi ikizidi asilimia 50 jeki ingejirudisha yenyewe na wewe uko chini ya gari.

Haya, sasa simiti.

Kuna jengo la kukodisha hapa mtaani, jipya, zuri, taili hadi nje. Mlango uko juu ya ngazi tano, kama sentimita 75. Pembeni ya ngazi wamemwaga rampu. Urefu wake ni mita 2, nilipima na tepu ya dukani. Mita 2 kwa sentimita 75! Mtu na kiti chake cha magurudumu tuseme ni kilo 90 pamoja, pale anahitaji kusukuma nguvu ya kama kilo 34 bila kupumzika, na mikono ndio hiyo hiyo inashika gurudumu na kuliachilia kila mara, na kabla hajafika nusu kiti kinaanza kutaka kulala kinyumenyume juu uzito umepita ekseli ya nyuma. Kipimo kinachotumika nchi nyingi ni 1 kwa 12. Kwa 1 kwa 12, yule yule mtu anasukuma kilo 7 na nusu. Lakini sasa rampu inakuwa mita 9, na mita 9 ni nafasi ya kuegesha gari, na hapo ndio mambo huishia. Nikamwuliza foromani, akaniangalia kama mimi ni kanjo: "Boss, si rampu iko?"

Iko. Na katiba ya 2010 kwa kifungu cha 54 inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote kwa njia inayofaa, kwa hivyo watu wamejua lazima kuwe na kitu kimeinama pale mlangoni, na wakaweka kitu kimeinama. Lakini kitu pekee rampu inakuwa nayo ni urefu. Haina injini, haina springi, haina chochote kingine cha kukupatia. Ukitoa urefu umetoa rampu yote, umebaki na ngazi ambazo hazina hata pahali pa kukanyaga. Na kinachoniuma ni kwamba wale wale vijana waliomwaga hiyo zege, asubuhi walipanda na wilibaro kwa mbao ndefu walizozilaza wenyewe, hakuna mtu aliwaambia, juu wilibaro ya zege kwa mbao fupi haipandi na wanajua. Mbao wametoa, wakamwaga ya kwao ya mita 2.

Na si watu wa viti pekee. Mama na mtoto kwa kigari, mtu wa gesi, mtu wa maji na mitungi yake, wewe siku ya kuhama na friji. Friji kwa hiyo rampu na taili zimenyeshewa, hapana asante.

Kuna wale watasema rampu ndefu watu hawaitumii, na wana hoja. Yale madaraja ya miguu ya Thika Road, ile barabara iliyofunguliwa 2012, baadhi yana rampu zimekunjwakunjwa, na bado unaona watu wanaruka vyuma chini. Daraja likiwa mita 6 juu ya lami, kwa 1 kwa 12 ni mita 72 za kupanda na mita 72 za kushuka, na mtu mwenye miguu mizuri na haraka ya kazini hataki. Sawa, mpe ngazi pia. Mtu mwenye nguvu anaweza kulipa yote mara moja, asilazimishwe mafungu. Ubaya ni kumlazimisha yule mwingine alipe yote mara moja.

Kama unajenga, hata kama ni hatua tatu tu za duka, anza na kupima juu kabla hujamwaga chochote. Mafundi wako na ile paipu ya levo ya kuonyesha ndani, ijaze maji, ncha moja kwa mlango, ingine pale rampu itaanzia, maji yatakuonyesha urefu wa kupanda bila kudanganyana. Zidisha hiyo kwa 12, hesabu kutoka mlangoni, hapo ndio rampu inafaa kuanzia, chora na chaki. Ikigonga geti, ikunje irudi, na kwa kila kona na pia ikipita mita 9 bila kona acha pahali tambarare kama mita 1.5 mtu apumue na ageuze kiti. Juu malizia na simiti ya kukwaruzwa na fagio, taili peleka bafuni, na hata huko chagua zile za kukwaruza.